Kelele za Usiku na Haki ya Jirani

Neno langu la leo ni juu ya jambo linaloingia katika nyumba ya kila mtu bila kupiga hodi, yaani kelele za usiku. Wengi huliona kuwa ni jambo dogo. Lakini wako majirani waliokuwa wakiazimana chumvi na kuleana watoto, ambao leo hawaamkiani kwa ajili ya redio moja. Wengine wamefikishana hata mbele ya Chifu, si kwa kuwa shauri lilikuwa kubwa tangu mwanzo, bali kwa kuwa hakuna aliyelisema mapema na kwa upole.

Kwanza yafaa tuelewe kwa nini kelele ya usiku hudhuru kuliko ya mchana. Macho yana kope za kufumba, lakini masikio hayana mlango. Mtu alalapo, masikio yake hukesha. Madaktari wameona kwamba sauti ya usiku huweza kuuendesha moyo mbio na kupandisha shinikizo la damu hata kama mwenye kulala hakuamka. Asubuhi hakumbuki lolote, ila ajiona mchovu. Mtu mzima ahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi, na mtoto wa miaka 6 hadi 12 ahitaji saa 9 hadi 12. Basi mtoto anayeamka saa kumi na moja alfajiri ili awahi shule, ikiwa muziki wa jirani hunyamaza saa sita ya usiku, amepata saa tano tu. Atasinzia darasani, na mwalimu atadhani ni mvivu. Hali kadhalika dereva na muuguzi: usingizi walioukosa usiku huonekana kesho yake barabarani na hospitalini.

Pili, yafaa tujue ya kwamba mwenye kufanya kelele mara nyingi hajui kadiri anavyosikika. Katika nyumba nyingi za vyumba vya safu, ukuta unaotenga chumba na chumba haufiki kwenye paa. Chini ya mabati iko nafasi wazi, na sauti hupita juu ya ukuta kama moshi. Tena sauti nzito ya ngoma na besi hupenya hata ukuta wa mawe, ambapo sauti nyembamba huzuiliwa. Kwa hiyo mwenye redio asikia wimbo mzuri, na jirani yake hasikii wimbo wala maneno, bali mdundo tu kichwani. Tena mwenye redio ajua ataizima saa ngapi, lakini jirani hajui, na huko kungoja kwenyewe ni adhabu.

Wale wanaokaa mashambani wasidhani kuwa maneno haya ni ya watu wa mjini peke yao. Katika usiku mtulivu, hewa iliyo karibu na ardhi huwa baridi kuliko ile ya juu yake, na sauti ambayo ingalipotea angani hupindishwa ikarudi chini. Ndiyo sababu vipaza sauti vya disko matanga, au vya mkesha wa ibada, husikika ng'ambo ya bonde, kwa watu ambao hata hawajui aliyefiwa ni nani.

Sasa, mtu aliyenyimwa usingizi afanye nini? Nitaanza kwa kusema asifanye nini. Asigonge ukuta kwa ufagio. Asifungue redio yake kwa nguvu ili kulipiza kisasi, kwa maana atakuwa amewaongezea taabu majirani wengine wasio na hatia. Asiende kumsimulia kila mtu kwenye bomba la maji, kwani habari itamfikia mhusika ikiwa imeongezwa chumvi. Wala asitoke nje usiku wa manane na kupiga mlango kwa hasira, hasa ikiwa huko ndani watu wamelewa. Hasira ni hasara, na maneno ya saa saba ya usiku hayarudi kinywani.

Afadhali asubiri mchana. Amwendee jirani yake yeye mwenyewe, wakati ambao wote wawili wametulia, wala asimtume mtoto. Ikiwa jirani ni mama anayekaa peke yake, na aende na mkewe. Aanze kwa salamu na kuulizana hali, kama ilivyo desturi yetu, kisha aseme shida yake mwenyewe badala ya kutaja ubaya wa mwenzake. Kwa mfano: "Jirani, nimekuja kukuomba jambo. Mimi naamka saa kumi na moja, na watoto wana mitihani. Redio yako husikika kwetu kana kwamba imo chumbani. Tafadhali, ikifika saa tatu, ipunguze." Maneno hayo yana saa maalumu na ombi linalowezekana. Mtu akiambiwa tu, "Wewe una kelele," hana la kufanya ila kujitetea.

Tena asikilize jibu. Huenda jirani ni mtu anayerudi kazini saa nne ya usiku, na hiyo nusu saa ya muziki ndiyo raha yake yote ya siku. Amkaribishe chumbani ili asikie kwa masikio yake mwenyewe. Kisha watafute njia pamoja. Spika ikiondolewa kwenye ukuta wa pamoja, ikawekwa juu ya blanketi lililokunjwa, na besi ikapunguzwa, mara nyingi wote wawili hupata wanachotaka bila gharama hata ya senti moja.

Lakini ziko sauti ambazo si haki kuziita kelele. Mtoto mchanga hulia, na mgonjwa huugua. Hao ni wa kuvumiliwa na kupewa pole. Na ukisikia mama au mtoto akipigwa na kulilia msaada, usijifunike blanketi ukasema kuwa mambo ya nyumba ya watu hayakuhusu. Waamshe majirani wengine, na polisi waitwe, kwa maana hapo kunyamaza ndiko kosa.

Je, ikiwa umesema kwa upole mara mbili au tatu na hukusikilizwa? Hapo usilale juu ya jambo hilo, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Andika katika daftari tarehe na saa za kelele. Umweleze mwenye nyumba au mwangalizi wake, kisha mzee wa mtaa, kisha Chifu. Ni vema majirani wawili watatu wende pamoja, ili isidhaniwe kuwa ni chuki ya mtu mmoja.

Na sheria ipo. Katiba ya mwaka 2010 imempa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya, na imezikabidhi serikali za kaunti kazi ya kuzuia uchafuzi wa kelele. Kabla ya hapo, mwaka 2009, zilitolewa kanuni za kelele chini ya sheria ya mazingira, inayosimamiwa na mamlaka iitwayo NEMA. Kanuni hizo zilihesabu usiku kuanzia saa mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, na katika nyumba za kukaa watu zikaweka mpaka wa desibeli 35 usiku. Desibeli ni kipimo cha sauti: mnong'ono ni kama desibeli 30, na mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Nalo Shirika la Afya Ulimwenguni, mwaka 1999, lilishauri kuwa sauti katika chumba cha kulala isizidi desibeli 30. Kanuni za mwaka 2009 zilitaka pia iangaliwe ikiwa kelele ingaliweza kuzuiwa bila taabu kubwa. Redio ina kitufe cha kupunguzia sauti. Basi mwenye redio ana udhuru gani?

Hata hivyo, sheria ni kama dawa kali, haifai kunywewa kwa kila mafua. Askari aweza kuinyamazisha redio usiku mmoja, lakini hawezi kuwafanya watu wawili wapendane, nao wataendelea kuchota maji katika bomba moja na kupita katika mlango mmoja.

Kwa hiyo, wewe mwenye harusi, matanga au mkesha, wapashe majirani habari siku mbili kabla, uwaambie utamaliza saa ngapi, na saa hiyo itimize. Mtu aliyepashwa habari huvumilia mengi. Nawe uliyekosa usingizi, kumbuka kuwa mke wako akishikwa na uchungu wa kuzaa saa nane ya usiku, au nyumba yako ikishika moto, ndugu zako wako mbali. Atakayefika kwanza ni yule wa upande wa pili wa ukuta. Basi kesho asubuhi, kabla hasira haijakomaa, nenda ukamwamkie, mkalizungumze jambo hilo.