Kubadili Pedi za Breki Nyumbani

Mwenye gari aweza kubadili pedi za breki mwenyewe, mradi awe na subira. Gari lisimame mahali tambarare, magurudumu yaliyo chini yazuiwe kwa mawe, na jeki isiachwe kulishika peke yake. Stendi za chuma ziwekwe. Pedi hubadilishwa kushoto na kulia pamoja.

Lakini hatari huja kazi ikiisha. Ili pedi mpya, zilizo nene, ziingie, pistoni husukumwa nyuma. Kwa hiyo breki ikikanyagwa mara ya kwanza yaweza kuzama hadi chini bila kushika. Ikanyagwe mara kadhaa, gari lingali limesimama, hata iwe ngumu. Asiyefanya hivyo atang'amua pale langoni, mbele ya watoto wanaocheza.

Mafuta ya breki yakimwagika yaoshwe upesi kwa maji, kwani hula rangi.