Udongo na Mchanga wa Kwetu
(Mazungumzo yaliyosomwa kwa niaba ya kamati mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Kamati imetutaka tuseme machache juu ya nchi yetu ya Ukambani, yaani udongo wake na maji yake. Tuanze na wazee wa kale. Hao walikuwa na ng'undu, ndiyo mashamba ya jamaa, na weu, ndiyo malisho ya watu wote. Shamba lilipochoka waliliacha lipumzike wakalima penginepo. Nyasi zilipokwisha waliwapeleka ng'ombe mbali. Desturi hiyo iliwafaa, maana watu walikuwa wachache na nchi pana.

Kisha ulikuja utawala wa Kiingereza. Mipaka iliwekwa, na ardhi njema ya jirani wakapewa walowezi. Watu na mifugo wakabanwa mahali pamoja. Kufikia miaka ya 1930 vilima vingi vya Machakos vilikuwa vitupu, na mvua ilichimba makorongo mashambani. Serikali ilidhani dawa ni kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Mwaka 1938 ng'ombe walitwaliwa wakauzwa kwa bei hafifu, ndipo maelfu ya watu, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walipokwenda Nairobi kwa miguu wakakaa huko majuma kadhaa wakimtaka Gavana awasikilize. Muindi alihamishiwa Lamu, lakini kabla ya mwaka kwisha amri ile iliachwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili watu walilazimishwa kuchimba matuta, nao wakaichukia kazi hiyo. Katika miaka ya 1950 kazi ilipokabidhiwa mwethya, ndiyo desturi yetu ya kusaidiana, mambo yaligeuka. Tuta la fanya juu ni rahisi: huchimbwa mfereji kukingama mteremko, na udongo hutupwa upande wa juu, kisha nyasi hupandwa juu yake. Kila mvua ikinyesha udongo hukwama hapo, na baada ya miaka mteremko huwa kama ngazi. Mapema katika miaka ya 1930 wilaya ya Machakos ilikuwa na watu karibu 240,000. Mwaka 1989 walikuwa wapatao 1,400,000. Hata hivyo wataalamu waliochapisha utafiti wao mwaka 1994 walikuta mmomonyoko umepungua na miti imeongezeka. Basi wingi wa watu peke yake hauharibu nchi. Jembe lile lile lililokataliwa kwa amri lilishikwa kwa hiari, mwenye shamba alipoona faida yake.

Sasa yako mashaka mengine. Mito yetu mingi ni ya msimu, na mchanga wake ndio ghala ya maji. Mvua ikipita, maji hubaki chini ya mchanga, na wakati wa kiangazi akina mama huchimba visima humo. Malori yakiuzoa mchanga huo kwenda kujenga mijini, maji ya mvua hukimbia yasibaki, kingo huporomoka, na ndoo hubebwa kutoka mbali zaidi. Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Lakini sheria haina macho usiku, na kijana apakiaye lori naye anatafuta chakula chake.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, tunaleta mashauri mawili. Kwanza, kila mwanachama ajengaye nyumba aulize mchanga wake umetoka mto gani, na kwa idhini ya nani. Pili, sehemu ya michango ya mwaka ujao ipelekwe kwa vikundi vya mwethya vinavyojenga vizuizi vya mawe na saruji mitoni ili kuzuia mchanga, na vijana wetu wapate ujira katika kazi hiyo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Baba zetu waliziba makorongo kwa majembe. Sisi tumeachiwa mito.