PICHA ZA MZEE MANDELA: ZILIZOPANGWA NA ZILIZONASWA

Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa mbele ya maofisa wa habari na wapiga picha wa Serikali. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wasomaji wote.



Mtu mashuhuri hupigwa picha kwa namna mbili. Ya kwanza ni picha rasmi, ambayo mwenyewe huketi, akatengeneza nguo zake, akaambiwa ageuze uso upande huu au ule; na picha hiyo ndiyo hutundikwa maofisini na kuchapishwa katika vitabu vya skuli. Ya pili ni picha ya ghafla, ambayo mpiga picha humnasa mtu akiwa katika shughuli zake, anakunywa chai, anacheka au amechoka, pasina kupangwa. Watu wengi huamini kwamba ya kwanza ni pambo tu na ya pili ndiyo kweli. Imani hiyo inastahili kuchunguzwa, na kwa uchunguzi huo hapana mfano unaofaa zaidi kuliko picha za Mzee Nelson Mandela wa Afrika ya Kusini. Yeye alipigwa picha za namna zote mbili; kisha sura yake ikafichwa na dola kwa zaidi ya miaka 20; na khatimaye dola hiyo hiyo ikalazimika kuitoa.

Habari yenyewe yaanzia katika jarida la Drum la mjini Johannesburg, ambalo lilianza mwaka 1951. Mpiga picha wake wa mwanzo, Jürgen Schadeberg, alikuwa kijana wa Kijerumani aliyezaliwa Berlin mwaka 1931 na kuhamia Afrika ya Kusini mwaka 1950. Pembeni yake wakakua vijana wa Kiafrika ambao majina yao leo yanatajwa kwa heshima, miongoni mwao Bob Gosani na Peter Magubane. Magubane aliingia hapo akiwa dereva.

Mwaka 1952 Mandela na mwenzake Oliver Tambo walifungua ofisi ya uwakili katika jumba la Chancellor House. Schadeberg alimpiga picha humo ofisini, kijana mrefu aliyevaa suti nadhifu. Mwaka 1957 Gosani alimpiga picha akicheza ndondi na bondia Jerry Moloi juu ya paa la jengo la magazeti. Picha hii ya pili imesambaa duniani kote, na aghalabu husifiwa kuwa inamwonyesha Mandela alivyo, hajui kama anatazamwa. Lakini watu wawili hawapandi juu ya paa la jengo la magazeti wakiwa na glavu mikononi kwa bahati nasibu. Aliyeziona glavu zile anapaswa pia kuuliza ni nani aliyewaita pale.

Hapa ndipo panapofaa kumtaja Eli Weinberg. Huyu alizaliwa Latvia mwaka 1908, akafika Afrika ya Kusini mwaka 1929, akawa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi. Serikali ya Makaburu ilipompiga marufuku kufanya kazi hiyo katika miaka ya 1950, alishika kamera ili apate riziki. Mwezi Disemba 1956 viongozi wa wapigania uhuru walikamatwa kwa tuhuma ya uhaini, na jumla ya washtakiwa ikafikia 156, wakiwamo Waafrika, Wahindi, Machotara na Wazungu. Weinberg alitaka kuwapiga wote katika picha moja, na mahala palipochaguliwa ni bustani ya Joubert Park. Msimamizi wa bustani alipotambua kwamba watu wa rangi mbalimbali wangekaa pamoja, akakataza. Basi Weinberg akawapiga makundi makundi, kisha akaziunga picha hizo zikawa moja. Picha ile ya washtakiwa 156 waliojipanga safu kwa safu, ambayo huonekana katika vitabu vingi vya historia, kwa hakika ni viraka vilivyoshonwa. Hata hivyo hapana uongo ndani yake. Watu wale walikuwa pamoja kizimbani. Kilichowatenganisha mbele ya kamera ni sheria za nchi.

Kesi hiyo ilimalizika Machi 1961 kwa washtakiwa kuachiwa huru, na Mandela akaingia mafichoni. Alitembea kwa jina la bandia, mara akijifanya dereva, mara mtumishi wa bustani. Ni katika mwaka huo wa mafichoni ambapo Weinberg alimpiga picha ile mashuhuri kuliko zote za ujana wake: bega moja wazi, ushanga mpana shingoni, nguo imepitishwa mwilini kama vazi la watawala wa Kithembu, uso umetulia. Nguo ile ilikuwa ni tandiko la kitanda.

Jambo hilo si la kuchekwa. Mtu anayesakwa na polisi wa nchi nzima hana sanduku la mavazi ya heshima. Hutumia kilichopo ndani ya nyumba aliyojificha. Mwezi Oktoba 1962, baada ya kukamatwa, Mandela aliingia mahakamani mjini Pretoria akiwa amevaa ngozi ya chui ya kabila lake, ili hakimu na watazamaji wafahamu kwamba Mwafrika ameingia katika mahakama ya Mzungu. Kwa hiyo lile alilolifanya hadharani mwaka 1962 alikwisha kulifanya mbele ya kamera ya Weinberg mwaka mmoja kabla. Picha ilipangwa kutoka utosini hadi unyayoni, na ndiyo iliyosema kweli juu ya mtu huyo na juu ya alilolikusudia.

Mwanzoni mwa mwaka 1962 Mandela alitoroka nchini kwake, akapita Bechuanaland, akatua Mbeya na kufika Dar es Salaam, ambako alionana na Mwalimu Nyerere na kupewa karatasi ya kusafiria. Alipofika London, mwandishi Mary Benson alimpiga picha chache karibu na majengo ya Bunge. Baada ya kurejea alikamatwa tarehe 5 Agosti 1962, na tarehe 12 Juni 1964 yeye na wenzake walihukumiwa kifungo cha maisha.

Kufikia hapo sheria ya kuificha sura yake ilikuwa tayari, na chanzo chake ni kamera. Mwaka 1954 mwandishi wa Drum, Henry Nxumalo, alijitia makusudi katika kosa dogo ili afungwe, akakaa siku chache jela ya Johannesburg akiona kwa macho yake. Gosani naye, akiwa juu ya paa la jengo la jirani na akitumia lenzi ndefu, alimpiga picha mfungwa aliye uchi akilazimishwa kurukaruka mbele ya askari ili apekuliwe. Picha hiyo ilileta fadhaa kubwa. Mwaka 1959 ikapitishwa sheria ya magereza iliyokataza kupiga au kuchapisha picha za jela na za wafungwa bila ya idhini. Serikali ilijifunza kutokana na picha ile, ila haikujifunza lile ambalo Gosani alitaka wajifunze.

Waheshimiwa, mtu asidhani kwamba Makaburu waliacha kupiga picha. Walichotaka ni kuwa wao peke yao ndio wenye kuzipanga. Katika miaka ya mwanzo ya kifungo, asubuhi moja wafungwa wa kisiwa cha Robben walioketi uani kuvunja mawe hawakupewa nyundo. Walipewa sindano, nyuzi na rundo la sweta kuukuu wazishone. Baadaye wakaingia mwandishi na mpiga picha wa gazeti la Daily Telegraph la London. Wageni walipoondoka, sweta zikakusanywa na nyundo zikarejeshwa. Siku hiyo Mandela alikubali kupigwa picha akizungumza na Walter Sisulu. Wazee wawili wamesimama wakiongea, mmoja amemwelekea mwenzake. Yeyote asiyejua habari ya zile nyundo angedhani ni mazungumzo ya asubuhi ya kawaida tu.

Mwaka 1977 serikali iliwachukua waandishi wa habari hadi kisiwani humo ili waone kwamba wafungwa wanatunzwa vyema. Miongoni mwa picha zilizobaki yumo mtu mrefu mwembamba, amevaa kofia na miwani ya jua, amesimama na sepetu katika kitalu. Maelezo yaliyoandikwa kwa Kiafrikana yanasema kwamba huyo ni mfungwa akifanya kazi bustanini. Jina halikutiwa. Mtu huyo ni Mandela. Picha haikupangwa naye, hakuiridhia, hakutazama kamera. Kwa vipimo vya wale wanaopenda picha za ghafla, ina kila sifa. Lakini ndiyo ya uongo kuliko zote zilizotajwa hapa. Mahala, kazi, mavazi na maneno ya chini yake vilichaguliwa na askari jela. Mandela aliandika barua ndefu ya malalamiko kwa mkuu wa gereza akipinga yeye na wenzake kuonyeshwa kwa wageni bila ya ridhaa yao.

Nje ya nchi hiyo wakati wote huo dunia ilikuwa na picha zile zile za kabla ya kifungo. Mabango ya mikutano, beji na magazeti ya vyama vya kupinga ubaguzi yalibeba uso wa mtu wa miaka 40 na kitu, nywele zimechanwa njia pembeni, ilhali mwenyewe alikwisha kuwa mzee wa mvi. Baadhi ya wahariri walilazimika kuwaita wachoraji wakisie.

Marufuku hiyo ilizaa jambo ambalo waliotunga sheria hawakulitarajia. Siku moja kabla ya Krismasi ya mwaka 1986 ofisa mmoja wa gereza la Pollsmoor alimchukua Mandela kwa gari kuzunguka mji wa Cape Town. Akasimama mbele ya duka, akaingia kununua soda, akamwacha mfungwa wake ndani ya gari peke yake. Watu walipita. Hapana aliyemtambua. Baada ya hapo alitolewa mara kwa mara, akatembea ufukweni mwa bahari, na mtu mashuhuri kuliko wote katika Afrika ya Kusini akawa anapita katikati ya watu wake kama mgeni. Hakukimbia, lakini serikali iliyoificha sura yake ilikuwa imemtengenezea kificho bora kuliko joho la dereva alilovaa mwaka 1961.

Ipo picha nyengine ambayo haikupigwa kabisa. Tarehe 5 Julai 1989 Mandela alipelekwa kwa siri kuonana na Rais P. W. Botha. Alishonewa suti. Kwa kuwa miaka mingi alikuwa hajavaa tai, alikuwa amesahau namna ya kuifunga, akafungiwa na meja wa gereza. Mlangoni pa Rais, mkuu wa idara ya usalama, Niel Barnard, aliona kamba za viatu vya mfungwa hazikufungwa sawasawa, akapiga magoti akazifunga. Hapakuwa na mpiga picha wa gazeti mahali pale. Tunajua kwa sababu mwenyewe alikuja kusimulia.

Tarehe 10 Februari 1990 serikali ilitoa picha iliyopigwa siku moja kabla, Mandela amesimama na Rais F. W. de Klerk. Ni picha baridi ya ofisini, watu wawili wenye suti wasiotazamana. Lakini ilikuwa picha yake mpya ya kwanza kutolewa rasmi kwa umma baada ya zaidi ya miaka 20, na magazeti ya ulimwengu yaliipokea kama maji jangwani. Kesho yake alitoka gereza la Victor Verster kwa miguu, kamera mia kwa mia zikimngoja.

Peter Magubane ndiye aliyekuwa mpiga picha wake rasmi kuanzia mwaka 1990 hadi 1994, na uteuzi huo una maana yake. Magubane huyu, mwaka 1956 katika kesi ya Zeerust ambako kamera zilikatazwa, aliutoboa mkate, akatia kamera ndani, akawa anapiga picha huku akijifanya anakula. Aliwekwa kizuizini peke yake kwa siku 586, na akapigwa marufuku kufanya kazi yake kwa miaka 5. Mtu wa namna hiyo akisimama nyuma ya kamera, hahitaji kuelezwa lini apige na lini ashushe mkono. Alifariki Januari 2024.

Mwaka 1994 Schadeberg alimrejesha Mandela katika selo yake ya Robben na kumpiga picha akitazama nje kupitia nondo. Imepangwa, na kila aitazamaye anajua kwamba imepangwa. Tangu mwaka 2012 noti za randi zina uso wa Mandela, na zinatolewa na Benki Kuu ya nchi ile ile ambayo zamani mhariri angeweza kushitakiwa kwa kuuchapisha.

Weinberg hakuyaona hayo. Baada ya kufungwa jela katika miaka ya 1960, aliondoka Afrika ya Kusini mwaka 1976, na akafariki Dar es Salaam mwaka 1981, mwaka ule ule kitabu cha picha zake kilipotolewa London. Wakati huo mtu aliyempiga picha akiwa amejifunga tandiko la kitanda alikuwa bado kisiwani, na kwa mujibu wa sheria hapana gazeti la nchini mwake lililoruhusiwa kumwonyesha.