Mwalimu Aliyebisha Hodi: Mazungumzo na Wazazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe



Kuna kijiji kiitwacho Pwani ambacho hakina bahari. Kiko Kaunti ya Nakuru, na shule yake ya sekondari ya kutwa ni Keriko. Hapo ndipo alipokuwa akifundisha hisabati na fizikia Bruda Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko, aliyeshinda tuzo ya mwalimu bora duniani mjini Dubai mwezi Machi 2019. Zawadi ilikuwa dola milioni 1 za Marekani.

Dola hizo zimezungumzwa sana. Kilichozungumzwa kidogo ni jinsi darasa lake lilivyotulia.

Keriko ilikuwa na mwalimu 1 kwa wanafunzi 58, na kompyuta 1 yenye intaneti ya kubahatisha. Karibu theluthi ya watoto walikuwa yatima au wenye mzazi mmoja, na wako waliotembea kilomita 7 kufika shuleni. Hata hivyo kesi za utovu wa nidhamu zilishuka kutoka 30 kwa wiki hadi 3. Kiboko, ikumbukwe, kilipigwa marufuku katika shule za Kenya tangu 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakazia.

Kazi ilianza nje ya darasa. Tabichi alikwenda saiba, akapakua masomo, akarudi nayo ili yatumike hata mtandao ukikatika. Kipindi kilikuwa tayari kabla kengele haijalia, na mtoto mwenye la kufanya hana nafasi kubwa ya kupiga kelele. Yeye na wenzake 4 waliwafundisha wanaobaki nyuma, mmoja mmoja, nje ya vipindi na wikendi. Wikendi hizo hizo alibisha hodi majumbani, hasa kwa watoto waliokaribia kuacha shule.

Alianzisha pia chama cha kukuza vipaji na kingine cha amani, kwa kuwa eneo lile liliumizwa na ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Likoni, iliyopitia machafuko ya Agosti 1997, haihitaji kuelezwa kwa nini watoto wa makabila mbalimbali wapande miti pamoja na kujadiliana.

Mwaka 2017 wanafunzi 16 kati ya 59 waliendelea na vyuo. Mwaka 2018 wakawa 26.

Tabichi alitoa asilimia 80 ya mshahara wake kusaidia wenye shida. Hilo si la kumdai mwalimu yeyote. Mwalimu wa Changamwe ana kodi ya nyumba na deni la dukani kama jirani yake. Lakini hodi haina bei kubwa, na nusu yake iko mikononi mwa mzazi.

Kaunti husimamia chekechea na vyuo vya ufundi; walimu wa msingi na sekondari wako chini ya TSC. Popote alipo mtoto, ugumu ni ule ule: mwalimu akija nyumbani, mzazi hudhani mtoto amekosa au pesa zinatakiwa. Mlango unafunguliwa nusu. Kisauni imeshaona magenge ya mapanga yakiwachukua vijana wadogo, na kabla ya hapo mara nyingi kulikuwa na dawati lililokaa tupu siku tatu, nne, bila mtu kuuliza.

Kwa hivyo muhula ukianza, mzazi amwambie mwalimu wa darasa mambo anayoyajua yeye tu. Nani yuko nyumbani alasiri. Madrasa ni saa ngapi. Kama mtoto huvuka feri asubuhi na foleni humchelewesha. Kama baba yuko safarini na mtoto analala kwa nyanya. Na kama laini ya simu imebadilishwa, ile namba mpya aipeleke shuleni siku hiyo hiyo.