Andikeni Majina ya Vilima Vyenu
Mazungumzo kwa wahitimu wa kisomo, Kasulu na Kibondo

 

Leo tuzungumze juu ya nchi yetu ya Buha. Najua mtaniambia, "Mwalimu, Buha tunaijua, tumezaliwa hapa." Ni kweli, mnaijua kuliko mimi. Lakini mnaijua kichwani tu. Hiyo ndiyo sababu ya mazungumzo haya.

Tuanze na mto. Malagarasi unaanzia kwenye milima ya mpakani na Burundi. Unakwenda kaskazini-mashariki, unageuka kusini, halafu unarudi magharibi mpaka Ziwa Tanganyika. Ni kama mtu aliyeikumbatia Buha kwa mkono mmoja. Upande wa mashariki maji yanatanda kwenye mabwawa ya Moyowosi. Humo anaishi ndege mkubwa mwenye mdomo mpana kama kiatu. Mwaka 2000 bonde hilo liliingizwa katika orodha ya dunia ya maeneo ya majimaji yanayostahili kulindwa.

Ndani ya mkono huo wa mto mlikuwa na nchi kadhaa. Heru ilikuwa upande wa Kasulu. Muhambwe ilikuwa Kibondo. Buyungu iko Kakonko, ambayo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kibondo mpaka mwaka 2012. Kila nchi ilikuwa na Mwami wake. Lakini ardhi ilikuwa na mtu wake pia, naye ni mteko. Mteko aliwagawia watu mashamba na kuiombea ardhi izae. Majirani wakigombea mpaka, mteko ndiye aliyeulizwa. Na msidhani utawala ulikuwa wa wanaume peke yao. Mwaka 1946 Theresa Ntare, mwanamke, alikuwa Mwami wa Heru. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, baada ya Uhuru.

Watoto wetu wengine huona haya kuitwa Waha. Wameambiwa kwamba Waha walikuwa manamba wa kukata mkonge huko Tanga. Ni kweli, wengi walikwenda, na kazi si aibu. Lakini waambieni pia habari za chumvi ya Uvinza. Watu waliichemsha chumvi hiyo katika vyungu kwa zaidi ya miaka elfu moja. Kiangazi kilipofika, watu walitoka mbali, Buha na kwingineko, wakapiga kambi kwenye chemchemi. Walichemsha maji ya chumvi, wakalipa ushuru kwa watawala wa Kivinza, wakabeba mizigo yao. Chumvi hiyo ilivuka hata ziwa. Hao hawakuwa manamba wa mtu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Watu wa nchi hii wamehamishwa zaidi ya mara moja. Katika miaka ya 1930, kwa sababu ya malale, Serikali ya Waingereza iliwakusanya watu wengi sehemu moja ili kukimbia mbung'o. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, watu wakahamia vijijini. Vijijini tulipata shule, zahanati na vituo vya kisomo. Lakini makaburi na migomba ya zamani vilibaki porini. Majina ya mahali hapo yamebaki vinywani mwa wazee.

Mimi mwenyewe nilizembea. Babu yangu alihamishwa mwaka huo wa 1972. Kila jioni alitutajia kilima alikozaliwa, kijito chake, na mti uliokuwa juu ya kaburi la baba yake. Nilikuwa nimekwisha soma chuo cha ualimu, kalamu iko mfukoni. Sikuandika neno. Alipofariki, ndugu walitaka kwenda kulisafisha kaburi lile. Tulizunguka porini siku mbili, tukarudi bure.

Hasara hiyo imewapata hata watu wakubwa wa dunia. Mbali sana, kwenye milima ya Andes huko Peru, waliishi Wainka. Hawakuwa na herufi. Walitunza hesabu na habari zao kwa mafundo ya kamba. Waspania waliingia mwaka 1532. Wajuzi wa mafundo wakapungua, mwisho wakaisha. Kamba nyingi zipo hata leo. Wataalamu wanaweza kusoma hesabu zake, lakini habari nyingine hakuna anayeweza kuzisoma.

Wazee wangu, ninyi herufi mnazo. Basi kazi yenu ni hii. Chukueni daftari moja la kijiji. Kila juma mtafuteni mzee mmoja, mwanamume au mwanamke. Mwulizeni mambo manne: Ulizaliwa kilima gani? Mteko wenu alikuwa nani? Mlihama lini, na kwa nini? Mkifika huko leo, mtaona alama gani? Andikeni jina la mzee na tarehe. Andikeni kwa Kiswahili, na majina ya mahali yabaki kwa Kiha kama anavyoyatamka. Mkikosea herufi, si neno. Herufi husahihishwa, lakini mzee akiondoka harudi.

Msingoje semina wala mgeni kutoka mjini. Mzee akikohoa usiku, kesho asubuhi nendeni mkamjulie hali, na daftari mkononi.