Siku Yangu Maabara, Jumamosi Yangu Ziwani

(Maneno ya mwanachama kijana katika mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu)



Kamati iliniomba nizungumze kuhusu maisha ya kila siku ya mtaalamu kijana wa maabara, na mambo anayopenda kufanya akitoka kazini. Katibu akaongeza kwamba watoto watakuwepo, kwa hiyo niseme kwa namna itakayowavutia kwenye sayansi. Nimekubali kwa moyo wote. Lakini Katibu hakunikataza kugusa suala la michango, na mimi nitaligusa.

Kwanza niondoe jambo moja. Mtaani wengi mnaniita daktari. Nashukuru kwa heshima hiyo, ila mimi si daktari. Daktari anakusikiliza, anakupima, anaandika karatasi. Karatasi ile inakuja dirishani kwangu. Mimi sioni homa yako. Naona tone la damu yako, na ninatakiwa kulisemea ukweli.

Siku yangu inaanza na friji. Ndiyo, friji. Kabla sijamchoma mtu yeyote kidole nafungua daftari na kuandika joto la friji ya vitendanishi, ambalo linatakiwa liwe kati ya nyuzi 2 na 8. Kama umeme ulikatika usiku na joto likapanda, dawa za kupimia zinaweza kuwa zimeharibika bila kuonyesha dalili yoyote kwa macho. Baada ya hapo napima sampuli ambazo majibu yake tayari yanajulikana, ili kuona kama mashine inasema kweli. Mgonjwa aliyekaa kwenye benchi tangu asubuhi anaona binti anazungukazunguka na koti jeupe, hafanyi kitu. Namwelewa akinung'unika. Lakini mashine isiyohojiwa asubuhi inaweza kudanganya watu mpaka jioni.

Halafu kazi inaanza. Damu kwenye vichupa vyenye kifuniko cha zambarau, mkojo, makohozi ya anayehisiwa kuwa na kifua kikuu, na choo kikubwa. Hicho cha mwisho bado wapo wanaokileta kwenye kiberiti. Mzee mmoja alinikabidhi kiberiti chake huku anatazama ukutani kama tunauziana kitu cha magendo. Wazee wangu, msione aibu. Tunatoa vikopo vyenye vifuniko, bure, na kikopo kimoja kimeokoa watu wengi kuliko mnavyodhani.

Watoto mnadhani kazi ngumu ni kumwona mdudu. Kumwona mdudu ni furaha. Kazi ngumu ni kusema hayupo. Nikipaka damu kwenye slaidi, nikaitia rangi ya Giemsa na kuiweka chini ya hadubini, vimelea vya malaria vikiwepo kwa wingi navikuta mara moja. Visipoonekana siruhusiwi kunyanyuka. Natakiwa nipitie si chini ya sehemu 100 za slaidi ile, moja baada ya nyingine, ndipo niandike kwamba hakuna. Shingo inauma, macho yanawasha, na nje kuna mama anauliza mbona majibu ya mtoto wake yanachelewa. Yanachelewa kwa sababu mtoto wake huenda hana malaria, na ni lazima niwe na uhakika kabla daktari hajatafuta ugonjwa mwingine.

Kuna upande mwingine wa kazi hii ambao chuoni tulifundishwa kwa saa chache, lakini nyumbani naufanyia mtihani kila siku. Mimi ni mtoto wa hapahapa. Nakutana na ninyi sokoni, kanisani, kwenye bajaji ya kwenda Nyasho. Najua mambo ya watu wengi waliomo humu ndani. Mtu akinikuta kwenye dagaa akaninong'oneza, "Mwanangu, jana uliona nini?", jibu langu ni kwamba majibu yako kwa daktari. Wengine wanakasirika, wanasema nimekuwa na maringo. Siyo maringo. Nikikuambia ya kwako sokoni leo, kesho nitamwambia jirani yako ya kwako.

Sasa nije kwenye ninayoyapenda.

Jioni nacheza bao na babu yangu. Ananifunga mara nyingi na hafichi furaha yake. Mtu aliyeshinda siku nzima anahesabu chembe za damu anategemewa ahesabu kete vizuri, lakini babu anasema macho yangu yamezoea vitu vidogo mno. Pia napiga picha kwa simu kupitia kioo cha hadubini. Unaweka kamera ya simu juu ya tundu la kutazamia, unatulia bila kupumua, unapiga. Picha hazina jina la mtu wala namba. Nina picha ya ubawa wa mbu, ya magamba ya sangara, ya chavua ya ua la mbono. Wanafunzi wakija nyumbani huwa hawaamini kwamba vitu hivyo vinatoka uani kwetu.

Na ninapenda kuogelea. Nisingekuwa mtoto wa Makoko kama nisingependa. Tulijifunza kuogelea kabla ya kujifunza kusoma, tukiruka kutoka kwenye mawe, na mama zetu wakiita tunajifanya tuko chini ya maji. Lakini sijaogelea ziwani tangu nilipokuwa mwaka wa pili wa chuo, mwaka nilipokalishwa mbele ya hadubini nikaoneshwa yai la kichocho. Ni yai zuri, kusema kweli: refu kidogo, rangi ya asali, lina mwiba ubavuni kama mwiba wa mchongoma. Ule mwiba ubavuni ndio unaotuambia kwamba ni kichocho cha tumbo, cha aina inayoshamiri pwani za ziwa letu, tofauti na kile cha mkojo ambacho yai lake mwiba wake uko mwishoni.

Kwa hiyo siku hizi Jumamosi zangu naenda ziwani na buti za mpira na glavu, natafuta konokono. Mama anasema binti wa umri wangu angetafuta mchumba. Natafuta konokono mdogo, bapa, aliyejiviringisha kama kamba iliyokunjwa, anayekaa kwenye majani karibu na ufuko palipotulia. Namweka kwenye chupa ya kioo yenye maji safi, nafunika, naiacha juani. Kama ameambukizwa, baada ya muda vinaanza kutoka vijidudu vyeupe vidogo kama vumbi linalocheza. Ukivitia chini ya hadubini unaona kila kimoja kina mkia uliogawanyika mwishoni kama panda ya manati. Si kila kinachotoka kwenye konokono ni kichocho cha binadamu. Vipo pia vya ndege na vya ng'ombe. Lakini konokono mmoja aliyeambukizwa anaweza kutoa mamia, hata maelfu, kwa siku moja, na hao wa kichocho cha tumbo hutoka zaidi jua linapokuwa kali, kuelekea mchana. Yaani saa zilezile watoto wanapotoka shule na kuruka majini, na akina mama wanapofua.

Kijidudu kile kinaingia kwenye ngozi nzima, isiyo na kidonda, kwa dakika chache. Hunywi kitu. Hukanyagi msumari. Unasimama tu majini. Wanakua ndani ya mwili, wanahamia kwenye mishipa ya damu ya utumbo, dume na jike wakiwa wamekumbatiana, na wanaweza kuishi humo kwa miaka. Jike anataga kila siku. Mayai mengine yanatoka na choo. Mengine yananasa kwenye ini. Ini linakakamaa, tumbo linajaa maji, na wapo watu wa kanda hii waliofikishwa Bugando wakitapika damu. Sisi huku tukawa tunatafuta nani amemloga.

Maabara tunahesabu mayai hayo. Tunachuja choo kwenye wavu mwembamba, tunajaza kitundu cha kibao kinachobeba miligramu 41.7 tu, tunakiweka kwenye slaidi na kukifunika kwa selofani iliyolowekwa kwenye gliserini yenye rangi ya kijani. Tunahesabu, kisha tunazidisha kwa 24 kupata mayai katika gramu moja. Wanafunzi, fanyeni hesabu hii nami: nikikuta mayai 17 tu, mara 24 ni 408. Kuanzia 400 mtoto anahesabiwa kuwa na maambukizi makali. Mayai 17, idadi inayoenea kwenye kucha, na mtoto mwenyewe anacheza mpira kama kawaida.

Dawa ipo. Mnakumbuka kingatiba shuleni, mtoto anasimamishwa kwenye fimbo ya kupimia urefu, anahesabiwa vidonge, anakunja uso kwa uchungu wake. Dawa hiyo, praziquantel, inaua minyoo iliyokomaa. Haiui vizuri ile michanga, na haikingi mtu asiambukizwe tena. Mtoto anameza asubuhi, Jumamosi yuko ziwani. Ndiyo maana tunampima tena na tunamkuta tena.

Rahisi kwangu kusimama hapa na kuwaambia msiingie majini. Mabango mengi yanasema hivyo. Lakini mimi naweza kuacha kuogelea kwa sababu mshahara wangu hautoki majini. Mvuvi wa dagaa atashuka kwenye mtumbwi akanyage wapi? Mama anayeosha dagaa, kijana anayesukuma boti, wataniambia asante binti, halafu wataingia majini, kwa sababu watoto wao wanakula. Konokono nao hatuwezi kuwamaliza ziwa zima. Palipobaki pa kukata mnyororo huu ni pamoja tu: yai lisifike majini. Yai linaanguliwa likikuta maji baridi yasiyo na chumvi. Likibaki shimoni, linakufa. Yai lisipoanguliwa, konokono haambukizwi, na yule anayesimama majini mchana hana wa kumwingia.

Ndugu Mwenyekiti, hapa ndipo ninapogusa michango.

Nimesikia pendekezo, na najua limetolewa kwa upendo, kwamba harambee ya mwaka huu inunue mashine ya kisasa ya kupimia damu. Mimi ndiye ningeitumia, kwa hiyo ningekuwa wa kwanza kupiga makofi. Lakini mashine inakula. Inakula vitendanishi kila mwezi, inakula umeme usiocheza, inahitaji fundi ambaye huenda akatoka mbali. Nimewahi kuingia kwenye kituo kimoja, sitakitaja, nikakuta mashine nzuri ya msaada imefunikwa kitenge, na juu yake wameweka chupa ya maua. Ilifanya kazi mpaka vitendanishi vya kwanza vilipokwisha.

Ombi langu ni tujenge vyoo mwaloni, na bomba lenye sehemu ya kufulia kando yake. Najua choo hakipendezi kwenye picha ya kijitabu, na hakuna mgeni rasmi anayefurahi kukata utepe wa choo. Lakini mwaloni wapo watu mamia tangu alfajiri, na kila mwenye haja anatafuta mawe au matete, hatua chache kutoka majini. Mvua ikinyesha, kila kitu kinateremka.

Naomba mambo mawili yazingatiwe na kamati ya ujenzi. Vyoo viwe juu kuliko maji yalipofika mwaka 2020 ziwa lilipopanda. Wazee mliokuwepo mnaijua alama ile, twendeni mkatuoneshe kwa kidole. Na pawepo mtu wa kusafisha anayelipwa, kwa ada ndogo ya watumiaji wa mwalo, maana choo kichafu kinarudisha watu kwenye matete ndani ya wiki moja. Akina mama wasiofikiwa na bomba, kwa sasa tekeni maji ya ziwa myaweke kwenye ndoo iliyofunikwa siku mbili kabla ya kuogea au kufulia. Vijidudu vile vikikosa ngozi ya kuingia haviishi muda mrefu. Ya kunywa yachemsheni kama kawaida.

Ikibaki fedha kidogo, naomba hadubini za shule. Zipo siku hizi hadubini za karatasi zinazoitwa Foldscope, zilizobuniwa na mwanasayansi Manu Prakash na wenzake kule Marekani. Unazikunja mwenyewe na zinaingia mfukoni. Watoto msidhani mpaka uwe na maabara kubwa. Antonie van Leeuwenhoek wa Uholanzi alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa. Alijisagia lensi zake kwa mapenzi tu, akawa miongoni mwa watu wa kwanza duniani kuona vijidudu. Mwaka 1681 aliharisha, akachukua choo chake mwenyewe akakiweka chini ya lensi, akaona vinavyoogelea humo. Hakuwa na aibu ya kiberiti.

Makadirio ya vyoo na bomba anayo Katibu, na fomu za ahadi ziko kwa Mweka Hazina. Anapokea pia kwa simu. Mimi naanza na mshahara wa nusu mwezi, na babu amesema atatoa mbuzi, sharti asiuzwe kwa bei ya kutupa.

Wanafunzi, chupa yangu ya konokono iko pale nje kwenye meza, imefunikwa, na imekaa juani tangu saa nne. Sasa inakaribia saa sita. Kabla pilau haijapakuliwa, pangeni mstari. Lensi ninayo moja, kila mtu ataangalia kwa zamu. Chupa asiifungue mtu.