Mtoto Asiyesikia: Jinsi ya Kumfunza Mdogo Kutumwa
Mazungumzo kwa wazazi na walezi katika kliniki ya watoto



Nyumbani husemwa mara nyingi, "Mtoto huyu hasikii." Neno hilo lina maana mbili: huenda mtoto ni mkaidi, na huenda masikio yake yana shida. Akichapwa kwa ukaidi kumbe ni masikio, ameonewa.

Abagusii wanajua tangu zamani kwamba mtoto hujifunza kwa kutumwa. Robert na Barbara LeVine, watafiti Wamarekani walioishi Gusii miaka ya 1950, walieleza malezi hayo katika kitabu chao Nyansongo cha mwaka 1966. Mtoto mdogo huelewa maneno ya mama, ya magokoro na ya omoreri wake kabla hajaweza kuyatamka.

Lakini kutumwa kuna hatua. Kwa kawaida, mtoto wa mwaka mmoja na miezi 3 hufuata agizo lenye ishara: mzazi hunyoosha mkono na kusema, "Nipe kikombe." Akifika mwaka mmoja na nusu, hukileta kwa maneno peke yake. Karibu na miaka miwili na nusu, huweza mambo mawili: "Vua viatu, uviweke mlangoni." Mtoto akipewa maagizo matatu kabla ya wakati wake, husimama tu akashangaa. Huo si ukaidi.

Mzazi anayefaulu huzima redio kwanza. Humsogelea mtoto, huinama, humwita kwa jina na kusubiri amtazame. Humwambia jambo moja, kuhusu kitu anachokiona: kijiko, kikapu, ndizi iliyo mezani. Kisha hunyamaza kidogo, kwa maana mdogo huchukua muda kuyaelewa maneno. Asipoanza, humshika mkono wakafanya pamoja. Akimaliza, husifiwa papo hapo: "Umeleta kijiko, asante." Lugha ni ile ya nyumbani, iwe Ekegusii au Kiswahili, na wote wanaomlea hutumia maneno yale yale.

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu asiyefuata hata agizo moja apelekwe kituo cha afya pamoja na Kijitabu cha Mama na Mtoto. Vivyo hivyo mtoto asiyegeuka akiitwa kutoka nyuma, anayetoka usaha sikioni, au aliyepoteza maneno aliyoyajua. Mzazi asiyejua pa kuanzia amwone mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chake. Usaha hutibika, lakini ukiachwa unaweza kuharibu masikio. Mtoto akigunduliwa mapema kuwa hasikii vizuri, husaidiwa kujifunza lugha kabla hajaachwa nyuma na wenzake.

Fimbo haizibui sikio. Kabla mtoto hajaitwa mkaidi, masikio yake yapimwe.